Mpe Mtoto Kazi Jikoni, Naye Atakula

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Hatuji kuwafundisha mapishi ya hoteli. Tunataka tuzungumze juu ya chakula kile kile mlichonacho nyumbani, yaani unga, maharage, karanga na mboga za majani. Pia tunataka tuzungumze juu ya msaidizi mmoja ambaye wengi wetu humfukuza jikoni kila siku: mtoto mdogo.

"Toka hapa, utaungua!" "Nenda ukacheze nje!" Maneno haya husikika katika kila nyumba kuanzia Vwawa hadi Tunduma, na kuanzia milima ya Ileje hadi mabonde ya Kamsamba. Hatuwalaumu wanaoyasema. Sisi wauguzi tunawafahamu watoto walioungua kwa uji na kwa maji ya moto, na vilio vyao hatuvisahau. Lakini tumejifunza jambo jingine katika miaka yetu ya kazi: mtoto anayefukuzwa jikoni mara nyingi ndiye anayekikataa chakula mezani. Na mtoto anayekataa chakula hafiki mbali bila kudhoofika.

Mtoto wa nyumba yenye magunia

Mama mmoja kutoka kijiji cha Mbozi alituletea mtoto wake wa kiume wa miaka miwili na nusu. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, na uso umekosa furaha kabisa. Ilikuwa ni kwashakoo. Tulipomwuliza mama huyo habari za chakula, alijibu kwa uchungu, "Sista, chakula tunacho. Nyumbani kuna magunia ya mahindi hadi darini. Ni yeye tu hataki kula."

Mama alisema kweli. Mahindi yalikuwapo, na maharage pia. Lakini tulipoendelea kuzungumza taratibu, tukaielewa siku ya mtoto yule. Asubuhi alipewa uji mwembamba wa mahindi, kisha mama akaenda shambani. Mchana alikula kiporo alichopewa na dada yake. Jioni aliketi kwenye sinia moja na kaka zake wanne, na kwa kuwa mikono yao ilikuwa mikubwa na ya haraka, mboga iliisha kabla yeye hajamaliza tonge la pili. Mara nyingi alikuwa ameshasinzia. Asipokula, wakubwa walisema, "Hataki," na sahani ikaondolewa.

Mtoto yule alitibiwa kwa maziwa maalumu na dawa, kama inavyopasa. Kazi ya jikoni haiponyi kwashakoo, na tusidanganyane. Lakini hamu ya kula iliporudi, tulimwalika pamoja na mama yake katika jiko la mafunzo. Tulimpa ungo wenye majani ya maboga ayachambue. Aliyachambua kwa bidii, akiyahesabu kwa namna yake. Mboga ilipoiva, aliomba "mboga yangu". Mama yake alilia machozi. Hakuwa amewahi kumsikia akiomba mboga.

Je, kwa nini watoto wadhoofike penye chakula?

Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini hulisha nchi. Malori ya mahindi na maharage yanaonekana barabarani kila msimu. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika mkoa wa Iringa walikuwa zaidi ya nusu ya watoto, na katika Njombe na kwa jirani zetu wa Rukwa walikuwa kama nusu. Hiyo ni mikoa ya wakulima hodari. Kumbe basi ghala iliyojaa si kinga.

Sababu ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji machafu, na mama kuchoka kwa kazi nyingi wakati wa ujauzito. Leo tunachagua tatu zinazohusu jiko letu.

Sababu ya kwanza ni tumbo la mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hubeba kiasi cha kikombe kimoja tu kwa mlo. Ukilijaza uji mwembamba, umelijaza maji. Mtoto ameshiba, lakini mwili wake una njaa.

Sababu ya pili ni chakula cha aina moja. Wengi wetu tulifundishwa kliniki kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Ugali hutia nguvu. Maharage, karanga, mayai, dagaa, maziwa na nyama hujenga mwili. Mboga za majani na matunda huulinda. Ugali mtupu wenye mchuzi ni nyumba yenye matofali bila saruji.

Sababu ya tatu ni kwamba hakuna anayemwangalia mtoto anapokula. Hapa ndipo kupika pamoja naye kunaposaidia. Mtoto aliyeshika kazi jikoni hukaa karibu na mama au baba. Chakula hakiwi kigeni kwake, kwa kuwa amekigusa, amekinusa na amekiona kikibadilika. Wakati wa kula anataka kuonja kazi ya mikono yake. Nawe mzazi, kwa kuwa umekaa naye, unaona kama amekula vijiko vitatu au kumi.

Kwanza usalama

Kabla ya kumwita mtoto jikoni, panga jiko lako. Chora mstari ardhini kwa mkaa au kwa chokaa, hatua mbili kubwa kutoka kwenye mafiga au jiko la mkaa. Mwambie mtoto kwamba ng'ambo ya mstari huo ni kwa watu wazima. Watoto hupenda sheria inayoonekana kwa macho. Kazi zake zote zifanyike upande wake wa mstari, juu ya mkeka au kigoda.

Mishikio ya sufuria igeuzwe upande wa ukutani. Chai na uji wa moto visiwekwe chini sakafuni. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda, kwani mtoto mwenye kiu huyanywa akidhani ni soda. Visu viwekwe juu.

Ikitokea mtoto akaungua, mwagilieni sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha ifunikeni kwa kitambaa safi na mumpeleke kituo cha afya. Msipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala yai. Vitu hivyo huzidisha kidonda.

Jambo la pili ni mikono. Kila mpishi, mkubwa kwa mdogo, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi ni rahisi kutengeneza: dumu la lita tano lenye tundu dogo, linaloning'inizwa kwenye mti na kuvutwa kwa kamba ya mguuni. Watoto hulipenda sana, na wakati mwingine hunawa mara tatu kwa ajili ya mchezo tu. Waacheni. Sisi tunaoishi mpakani tunajua jinsi kipindupindu kinavyosafiri na watu. Mlipuko mkubwa uliowapata jirani zetu wa Zambia mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliua mamia ya watu. Mkono safi ni chanjo isiyouzwa dukani.

Kazi za kila umri

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaweza kuosha viazi ndani ya beseni, kuchuma majani ya mboga kutoka kwenye vikonyo, kupeleka vikombe mezani, na kuponda ndizi mbivu kwa mkono uliooshwa. Atamwaga maji, naam. Weka beseni nje.

Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuchambua maharage, kumenya karanga zilizochemshwa, kupima unga kwa kikombe na kuukoroga katika maji baridi. Mwambie ahesabu vikombe kwa sauti. Hiyo ni shule ya kwanza ya hesabu.

Mtoto wa miaka sita hadi minane anaweza kutwanga karanga katika kinu kidogo, kukatakata nyanya kwa kisu kidogo mzazi akiwa kando yake, na kumlisha mdogo wake. Kusimama kwenye moto kusubiri mpaka awe mkubwa zaidi, na hata hapo mzazi awe karibu.

Tunaongeza neno moja: kazi hizi ni za wavulana na wasichana. Mvulana anayejua kupika uji leo atakuwa baba anayeweza kumlisha mwanawe mama yake akiwa amelazwa. Tumewaona wodini akina baba waliokuja na mtoto mchanga mgongoni, hawajui waanzie wapi. Samaki mkunje angali mbichi.

Chakula cha kwanza: uji wa ulezi na karanga

Kwa familia ya watu watano au sita, chukua vikombe 2 vya unga wa ulezi, vikombe 10 vya maji, nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, na kikombe kimoja cha maziwa kama yapo. Sukari iwe kidogo.

Mtoto akoroge unga na vikombe 2 vya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Wewe chemsha maji yaliyobaki, mimina ule mchanganyiko huku ukikoroga, na uache uchemke kwa dakika 15. Tia karanga na maziwa, uchemke tena kidogo, kisha uepue.

Karanga zichaguliwe kwa makini. Hii ni kazi nzuri ya watoto wenye macho makali: zile zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe, naye mama azipitie tena. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao. Mahindi yenye ukungu nayo yasisagwe, wala wasipewe kuku.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, kwani huweza kumpalia. Zitwangwe.

Siri ya kimea

Kwa mtoto mdogo anayeanza kula, kuna ujuzi ambao wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliuchunguza katika miaka ya 1980, nao uko mikononi mwetu tangu zamani. Ni kimea. Akina mama wanaopika kimpumu wanakijua vizuri. Lakini kimea si cha pombe peke yake.

Loweka ulezi safi usiku mmoja. Mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, ukiusuuza kila siku. Watoto wapewe kazi ya kuutazama kila asubuhi na kutoa habari: "Umeota!" Ukishachipua, uanike juani mpaka ukauke kabisa, uusugue mikononi ili vichipukizi vitoke, kisha usagwe. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, utupe. Tumia ulezi, usitumie mtama, maana vichipukizi vya mtama vina sumu.

Sasa pika uji mzito, mzito kama ugali laini. Uepue, uache upoe kidogo mpaka usiwe wa kuchemka. Kwa bakuli moja la mtoto, tia vijiko 2 vya chai vya unga wa kimea, ukoroge, usubiri dakika 10. Mtaona ajabu: ule uji mzito unalainika na kuteremka kwenye kijiko kama uji wa kawaida, ingawa hamkuongeza hata tone la maji. Rudisha motoni uchemke tena ili uwe salama, kisha mpe mtoto ukiwa na uvuguvugu. Kimea kimekwisha kuumeng'enya wanga, hivyo kikombe kile kile sasa kinabeba unga mwingi zaidi. Ni tumbo lile lile dogo, lakini limepata chakula badala ya maji.

Tumewaona watoto wakubwa wakipiga makofi uji unapolainika. Hapo ndipo tunapowaeleza kwa nini mdogo wao anapikiwa uji wake, nao wanaacha kuuonea wivu.

Chakula cha pili: viazi vitamu vya kuponda na maharage

Loweka kikombe kimoja na nusu cha maharage usiku kucha. Kuloweka huokoa mkaa. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, uyachemshe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Maharage mabichi mabichi huumiza tumbo, wala si kwa watoto peke yao.

Watoto waoshe viazi vitamu 8 vya wastani. Vile vya rangi ya chungwa ndani, vinavyoitwa viazi lishe, ni bora zaidi kwa kuwa vina vitamini A inayolinda macho. Vichemshe na maganda yake. Vikishapoa, watoto wamenye kwa vidole na waviponde kwa mwiko katika bakuli kubwa. Changanya na maharage yaliyoungwa kwa kitunguu kimoja, nyanya mbili, vijiko viwili vya mafuta na chumvi kidogo.

Chakula hiki hakihitaji meno mengi. Mtoto wa miezi tisa hula, na babu asiye na meno hula pia. Kwa jirani zetu wa Ileje wenye ndizi nyingi, ndizi za kupika zaweza kuchukua nafasi ya viazi.

Chakula cha tatu: majani ya maboga kwa karanga, na ugali

Hii ni mboga tuliyolelewa nayo. Watoto wavute zile nyuzi za kwenye vikonyo. Vidole vyao vyembamba huiweza kazi hii kuliko vya mama. Osha majani kabla ya kuyakata, si baada, ili vitamini zisiende na maji. Chemsha nyanya tatu na kitunguu katika maji kidogo, tia majani kwa dakika 10, kisha tia kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa na uache ziive taratibu huku ukikoroga.

Kama kuna dagaa, ambao ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka huwaita kapenta, fanya hivi: waoshe, wakaange wakavu bila mafuta, watwange wawe unga na uchekeche. Weka unga huo katika kopo safi lenye kifuniko. Vijiko viwili ndani ya mboga, au kijiko kimoja ndani ya uji wa mtoto, ni chakula cha kujenga mwili kwa bei ndogo. Hakuna mwiba wa kumkwama mtoto.

Kamulia limau juu ya mboga, au mle chungwa baada ya chakula. Uchachu huo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula, na watoto wadogo wasizoeshwe.

Chakula cha nne: chapati za maji za siku ya Jumapili

Vikombe 2 vya unga wa ngano, mayai 2, karoti 1 iliyokunwa, vikombe 2 na nusu vya maziwa au maji, na chumvi kidogo. Mtoto apasue mayai kwenye kikombe pembeni, kwanza ili uone kama ni mazima, pili ili utoe maganda yatakayoanguka, na yataanguka. Akoroge yote mpaka yawe laini. Kazi ya kikaango na mafuta ni yako mwenyewe. Baada ya kushika mayai mabichi, mikono ioshwe tena.

Chapati hizi zikiliwa na parachichi lililopondwa, zinatosha kuwa mlo kamili. Parachichi haliombi moto wala mkaa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuliponda kwa uma pamoja na ndizi mbivu, na mdogo wake wa miezi saba akalila.

Sahani yake mwenyewe

Chakula kikishaiva, kila mtoto mdogo apewe sahani yake mwenyewe. Hatuvunji desturi njema ya kula pamoja. Kaeni mkeka mmoja, mtoto aongoze sala ya chakula, lakini chakula chake kiwe katika bakuli lake ili muone ameanza na kiasi gani na amebakiza kiasi gani. Na kipande cha nyama au samaki kisiishie kwa baba. Baba wa familia, ukimmegea mwanao mbele ya wote, umefundisha zaidi ya semina yetu ya siku nzima.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, wa miezi 9 hadi 23 mara 3 au 4 pamoja na kitu kidogo katikati kama tunda. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanatosha.

Asipotaka kula, msimlazimishe wala msimpige. Msubiri kidogo, umwite, umsimulie, umpe tena. Chakula kipya huenda akakikataa mara kadhaa kabla ya kukikubali.

Kwa wazazi wa mjini Tunduma

Tunajua maisha ya mpakani. Mama yuko sokoni tangu alfajiri, baba yuko na malori au anavusha mizigo, na mtoto anaachiwa hela ya kula. Hela hiyo hununua soda, biskuti na chipsi, na tumbo linanyamaza. Wazazi wanajitahidi, na hatuna neno la kuwashutumu. Tunaomba jambo moja: chagueni angalau milo mitatu kwa juma ya kupika pamoja na watoto. Jumatano jioni, Jumamosi na Jumapili, kwa mfano. Maharage yachemshwe mengi mara moja. Karanga na dagaa vitwangwe Jumamosi kwa ajili ya juma zima, vikae makopo makavu. Yule anayebaki na watoto, awe bibi, dada wa kazi au jirani, naye asome ukurasa huu au asomewe.

Familia za jumuiya ndogo ndogo zaweza kupika pamoja siku moja, kila nyumba ikileta kitu kimoja: huyu karanga, yule viazi, mwingine mayai. Watoto hula vizuri zaidi wakiwaona wenzao wanakula.

Lini umlete mtoto?

Mpelekeni mtoto kliniki kila mwezi na mwangalie kadi yake. Mstari wa uzito ukilala bila kupanda, msisubiri mwezi mwingine. Mleteni mara moja mkiona miguu imevimba pande zote mbili, amekonda mbavu zikaonekana, nywele zimebadilika rangi, amepooza hataki kucheza, au anakataa chakula na maziwa. Ule utepe wa kupimia mkono ukionyesha rangi nyekundu, hiyo ni hatari. Rangi ya njano ni onyo. Msianze kwa kutafuta aliyemwonea mtoto wivu. Kwashakoo haitoki kwa jirani, na kila siku inayopotea njiani huwa siku ya mwisho kwa watoto wengine.

Yule mvulana wa Mbozi alirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Mstari wa kadi yake ulikuwa unapanda. Mama alituambia kwamba sasa ana kigoda chake upande wake wa mstari, na kwamba majani ya maboga yakiletwa nyumbani na mtu mwingine akaanza kuyachambua, hapo ugomvi huanza. Tulicheka sana. Mahindi ya darini ni yale yale. Kilichobadilika ni kigoda kimoja, bakuli moja, na mtu wa kumtazama anapokula.

Leo jioni basi, kabla hamjawasha moto, mwiteni yule mdogo kuliko wote, mnaweni mikono, mkampe ungo.